Ng'ombe amelala, ramani inasema anaruka: tatizo haliko kwenye fomula

SWALI: "Nina eneo la malisho lenye uzio, mita 120 kwa 60. Nimefunga nodi 12 (vifaa vidogo vya kupokea mawimbi) za redio ya 2.4 GHz kwenye nguzo za upande mmoja wa uzio, kwa kuwa huko ndiko kuna nguzo imara. Ng'ombe tisa nimewavisha kola zinazotuma ishara kila sekunde. Kompyuta inachukua nguvu ya mawimbi iliyopokewa na kila nodi, inaigeuza kuwa umbali, kisha inatafuta mahali umbali huo unapokutana. Ng'ombe aliyelala anaonekana akiruka mita 20 huku na huko, na akianza kutembea ndiyo balaa kabisa. Betri za nodi zilikufa siku ya tano. Mwenzangu anashauri niongeze nodi ziwe 24 na nitafute fomula sahihi zaidi ya umbali. Mwalimu wangu ananiambia niachane na haya yote, nitumie GPS. Pia ningependa mtandao huuhuu unijulishe mtu au mbwa akiingia usiku. Nifanyeje?"

JIBU: Ndugu yangu, kwanza pole, ila vifaa vyako ni vizima. Unachokiona ndicho anachokiona karibu kila mtu anayejenga mtandao wa namna hii kwa mara ya kwanza. Hofu yako ni kwamba umekosea hesabu mahali fulani, na kwamba ukipata fomula nzuri zaidi nukta itatulia. Haitatulia. Unaiuliza redio swali isiloweza kulijibu, na unaliuliza upya kila sekunde kana kwamba hujui lolote kuhusu ng'ombe yule sekunde moja iliyopita.

Tuanze na hiyo nguvu ya mawimbi. Kanuni unayoitumia ni ya kweli kwa wastani: mahali peupe, kila umbali unapoongezeka mara mbili, nguvu hushuka kwa desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha kupanda na kushuka kwa nguvu). Karibu na ardhi, penye nyasi na vichaka, huweza kushuka desibeli 9 hadi 12. Kasoro iko kwenye kuigeuza kanuni hiyo kinyumenyume. Mwili wa ng'ombe umejaa maji, na maji hunyonya sana mawimbi ya 2.4 GHz. Ng'ombe akigeuka tu hadi shingo na kifua vikawa kati ya kola na nodi, desibeli 10 zinaweza kupotea papo hapo. Sasa piga hesabu. Ikiwa kwenye shamba lako nguvu hushuka desibeli 9 kwa kila mara mbili ya umbali, upotevu wa desibeli 10 unafanya umbali uonekane zaidi ya mara mbili ya ulivyo. Ng'ombe aliye mita 10 atasomeka yuko mita 21 na ushee. Aliye mita 40 atasomeka yuko mita 86, na huenda akaonekana nje ya uzio. Mnyama hajasogea hata hatua moja, ameangalia upande mwingine tu.

Zingatia pia kwamba kosa hili halijumlishwi, linazidishwa. Desibeli zilezile 10 zinakugharimu mita 11 na ushee ukiwa karibu na mita 46 ukiwa mbali. Kwa hiyo nodi iliyo jirani na mnyama inastahili kusikilizwa kuliko ile ya mbali, na hesabu inayozipa zote uzito sawa inaruhusu nodi za mbali, ambazo ndizo zinazokosea sana, ziivute nukta zinakotaka.

Juu ya hilo kuna mawimbi yanayogonga ardhi, mabati na nguzo kisha kurudi. Urefu wa wimbi la 2.4 GHz ni kama sentimita 12.5, hivyo kola ikisogea sentimita 6 tu, mawimbi yaliyokuwa yakisaidiana yanaweza kuanza kuuana. Hiyo ndiyo sababu hata ng'ombe anayecheua huku amelala anarukaruka kwenye ramani yako.

Hapa wengi husema: basi nitachukua wastani wa vipimo kumi. Wastani husaidia kwa makosa yanayobadilika haraka, kama hayo ya mawimbi yanayogongana. Kivuli cha mwili, yaani nguvu inayopotea mwili unapokaa kati ya kola na nodi, hakiondoki kwa wastani, kwa sababu kitakaa palepale kwa muda wote ambao mnyama hajageuka. Vipimo mia moja vyenye kivuli kilekile vitakupa jibu lilelile la uongo, tena kwa kujiamini zaidi.

Kwa hiyo, kabla ya kitu kingine chochote, pima upya shamba lako huku kola ikiwa shingoni mwa ng'ombe. Ninasisitiza kwa sababu nimeona watu wakitembeza kola juu ya fimbo, wakapata mchoro mzuri wa kupendeza, kisha wakashangaa mambo yanapoharibika kola ikivishwa mnyama. Mtembeze mmoja kwa kamba, mgeuze pande zote nne kwenye kila kituo, andika nguvu iliyosomeka na umbali wa kweli uliopimwa kwa futi kamba. Hutapata mstari safi. Utapata wingu la nukta, na upana wa wingu hilo ndio utakaokuwa na faida kubwa huko mbele, maana unakuambia kila kipimo kina shaka kiasi gani. Na hakikisha kola ina uzani chini ya koo ili kifaa na antena vibaki juu ya shingo. Kola inayozunguka hadi chini inaharibu kila kitu kimyakimya.

Sasa tuje kwenye kiini cha jibu langu. Kutafuta mahali kitu kilipo na kufuatilia kitu kinachotembea ni kazi mbili tofauti. Ukimfuata mtu kwenye umati, kichwa chake kinaonekana na kupotea. Akipotea hapa na sekunde moja baadaye ukaona kofia kama yake ng'ambo ya barabara, husemi ameruka. Unajua miguu yake haiwezi, na unaendelea kuangalia pale ulipotarajia atokee. Programu yako haina ujuzi huo. Kila sekunde inazaliwa upya.

Dawa yake ilichapishwa mwaka 1960 na Rudolf Kálmán, na muda mfupi baadaye ikatumika katika mfumo wa kuongoza vyombo vya Apollo vilivyokwenda mwezini. Inaitwa chujio la Kalman. Kwa kila ng'ombe, kompyuta hutunza mambo mawili: inadhani yuko wapi na anakwenda kwa kasi gani, na dhana hiyo ina shaka kiasi gani. Kila sekunde hufanya hatua mbili. Kwanza hutabiri: kama alikuwa hapa akielekea mashariki kwa mita 1 kwa sekunde, sasa atakuwa mita 1 mbele, na shaka imeongezeka kidogo. Kisha kipimo kinafika, na utabiri unasahihishwa kulingana na nani anaaminika zaidi kati ya utabiri na kipimo.

Chukua mfano wa namba. Utabiri una shaka ya mita 3, kipimo kina shaka ya mita 12 (hiyo ndiyo uliyoipata kwenye lile wingu). Uzito hupimwa kwa mraba wa shaka, yaani 9 dhidi ya 144. Kipimo kinapewa 9 kugawanya kwa 153, karibu asilimia 6. Kikidai ng'ombe yuko mita 20 kutoka pale ulipomtarajia, nukta itasogea mita 1.2 tu. Kama kweli amekwenda huko, vipimo vinavyofuata vitaendelea kusema hivyohivyo na nukta itamfuata. Kama ulikuwa uzushi wa sekunde moja, utauona kwa shida kwenye ramani.

Usije ukadhani ni uchawi, hata hivyo. Chujio hili linaamini kwamba makosa ya vipimo hayahusiani yenyewe kwa yenyewe, na kivuli cha mwili kinaivunja imani hiyo. Nodi moja ikidanganya mfululizo kwa dakika tano, nukta itateleza polepole hadi kwenye uongo. Ongeza basi shaka ya vipimo kuliko inavyoonekana kwenye wingu, na usiruhusu nodi moja kuwa na sauti ya mwisho. Kosa la upande wa pili ni kulibana mno. Ukiliambia kwamba ng'ombe hawezi kuzidi mita 1 kwa sekunde, siku atakapokimbia litaendelea kumchora anatembea taratibu na kuvikataa vipimo vya kweli kwa kuviona vya ajabu. Chujio lenye kiburi ni baya kuliko kutokuwa na chujio, kwa sababu linapotea bila dalili yoyote.

Kwa hali yako mimi ningechagua chujio la chembe, ambalo Gordon, Salmond na Smith walilieleza mwaka 1993. Badala ya nukta moja yenye shaka, unatunza mamia ya nukta za kubahatisha kwa kila ng'ombe, kila moja ikiwa dhana ya mahali anapoweza kuwa. Zinazolingana na vipimo zinazaliana, zisizolingana zinakufa. Uzuri wake kwako ni uzio: chembe inayovuka uzio unaiua hapohapo, au unaibakiza kwa uzito mdogo sana kama unaogopa uzio unaweza kubomoka. Pia halikulazimishi kugeuza nguvu ya mawimbi kuwa umbali. Unaiuliza kila chembe: kama ng'ombe angekuwa hapa, nguvu hii ingetokea mara ngapi? Lile wingu ulilopima lina jibu. Hesabu hii ifanyike kwenye kompyuta yako, siyo ndani ya nodi.

Na kuna kifaa kimoja kidogo ambacho kingekusaidia kuliko nodi 12 za ziada: kipima mtikisiko ndani ya kola. Kikikuambia mnyama ametulia, kasi yake unaiweka sifuri na nukta inaganda. Ng'ombe hupitisha saa nyingi za siku akiwa amelala au amesimama, kwa hiyo sehemu kubwa ya mirukoruko yako inakwisha kwa hilo peke yake.

Kuhusu ushauri wa mwenzako wa nodi 24: zikipangwa zote kwenye uzio uleule, utakuwa umenunua hasara. Nodi zilizo kwenye mstari mmoja zinajua vizuri ng'ombe yuko sehemu gani ya urefu wa shamba, lakini zinabahatisha yuko mbali kiasi gani na uzio, kwa sababu zote zinamwangalia kutoka upande mmoja. Hamishia tano au sita kati ya ulizonazo upande wa pili, hata kama itabidi uchimbie nguzo mpya, na ikiwezekana weka moja au mbili katikati. Ziinue pia. Ili mawimbi ya 2.4 GHz yapite bila kubughudhiwa kwa mita 60, yanahitaji nafasi ya karibu mita 1.4 kuzunguka mstari wa kati; nodi iliyofungwa nusu mita kutoka chini inapigana na nyasi. Mita 2 hadi 3 zinatosha.

Betri. Wengi huamini redio hula umeme inapotuma, kwa hiyo wanapunguza kutuma na kuacha kupokea kuwe wazi mchana na usiku. Angalia chipu ya redio ya CC2420, iliyotumika kwenye nodi nyingi za utafiti kama TelosB: kutuma kwa nguvu zote hula miliampia 17.4, kupokea hula 18.8. Kusikiliza kunagharimu zaidi! Jozi ya betri za AA zilizounganishwa mfululizo ina takriban miliampia-saa 2500. Gawanya kwa 20, unapata saa 125, siku tano na kidogo. Betri zako hazikuwa feki.

Nodi zako zinatakiwa zilale na kuamka kwa miadi. Ujumbe mrefu kabisa unaoruhusiwa na IEEE 802.15.4, kiwango kinachofuatwa na redio za namna hii, ni baiti 127, na kwa kasi ya kilobiti 250 kwa sekunde unapita kwa takriban milisekunde 4. Mpe kila ng'ombe nafasi yake ya milisekunde 10 ndani ya sekunde. Tisa ni milisekunde 90, kwa hiyo nodi inasikiliza asilimia 9 tu ya muda, na siku tano zinakuwa karibu 60 kwenye karatasi. Shambani zitapungua, kwa sababu ya umeme unaoliwa hata usingizini na betri zinazochoka zenyewe. Ukiongeza kwamba ng'ombe aliyelala anatuma mara moja kwa nusu dakika, na kwamba nodi zilizo mbali na mahali alipotabiriwa haziamki kabisa kwa ajili yake, utafika miezi kadhaa. Gharama yake ni kwamba akinyanyuka ghafla unaweza kuchelewa kujua kwa hiyo nusu dakika. Na akipotea, mtandao uamshe nodi za duara la karibu kwanza, kisha pana zaidi, hadi apatikane.

Miadi inahitaji saa zinazoelewana. Saa mbili za kawaida za nodi zinaweza kuachana kwa sehemu 40 katika milioni, yaani milisekunde 2.4 kila dakika na karibu sekunde 3.5 kwa siku. Zioanishe kila dakika na nafasi ya milisekunde 10 itatosha. Ukiacha siku nzima, nodi zitaamka wakati kola imeshanyamaza. Na kila kipimo kibandikwe muda wa kupokewa palepale kwenye nodi, siyo muda wa kufika kwenye kompyuta, maana pakiti (vifurushi vya data) huchelewa na nyingine hupitana njiani.

Sasa mtu au mbwa wa usiku. Mtandao ulionao hauwezi kumwona, kwa sababu unafuatilia kola, na yeye hana. Utahitaji vihisi vya aina nyingine kwenye nodi zilezile. Mwezi Machi 2001 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walidondosha nodi sita kutoka kwenye ndege ndogo isiyo na rubani kando ya barabara huko Twentynine Palms, Marekani, zikatambua magari yakipita na kukadiria kasi yake kwa kuhisi mabadiliko ya usumaku. Ni kazi nzuri, ila inataka chuma kingi. Kwa mtu na mbwa, kihisi cha joto la mwili ndicho rahisi. Kinaona vizuri anayekatiza mbele yake na vibaya anayekijia moja kwa moja, kwa hiyo vielekeze sambamba na uzio, siyo kuutazama. Ng'ombe nao wana joto, na hapo ndipo ufuatiliaji wako unapolipa: kihisi kikilia mahali ambapo hakuna kola iliyotabiriwa kuwa karibu, hilo ndilo la kukuamsha. Dai pia vihisi viwili jirani vilie kwa mpangilio unaowezekana. Mtu anayetembea huchukua kama sekunde 7 hadi 10 kuvuka mita 10. Viwili vikilia ndani ya nusu sekunde, huenda ni upepo na majani.

Je, mwalimu wako amekosea kuhusu GPS? Hapana. Mradi wa ZebraNet wa Chuo Kikuu cha Princeton, uliovisha pundamilia kola huko Mpala, Kenya, mwaka 2004, uliweka GPS ndani ya kola na kutumia redio kupitisha data kutoka kola hadi kola. Mahali peupe GPS itakupa usahihi wa mita chache. Lakini ikiwashwa muda wote hula makumi ya miliampia, na chini ya paa au miti minene hudhoofika. Kukuonyesha walipolala na walipochungia, kipimo kimoja kila dakika 15 kinatosha, na kwa lengo hilo ningekuambia umsikilize mwalimu. Kama unataka kujua ndani ya sekunde chache kwamba mnyama anaelekea kwenye uzio, mtandao wako pamoja na chujio utafaa, ila usitarajie usahihi wa chini ya mita 5 hadi 10. Vyote viwili vinaweza kuishi pamoja: kipimo cha GPS cha mara mojamoja kinaingia kwenye chujio kama kipimo kingine chenye shaka ndogo.

Ukihitaji sentimita, hapo ni redio ya ukanda mpana sana, ambayo hupima muda wa safari ya mawimbi badala ya nguvu yake. Mawimbi husafiri sentimita 30 kwa nanosekunde, na chipu hizo huweza kupima hivyo. Kwenye uwazi hutoa usahihi wa sentimita 10 hadi 30. Baadhi yake hula zaidi ya miliampia 100 zinapopokea, na mwili wa ng'ombe bado unazisumbua. Kwa malisho naona ni kupita kiasi.

Kuna mambo ambayo maandishi yangu hayatayamaliza. Ukishahamisha nodi na kuweka chujio, kisha ukaona pakiti nyingi zinapotea kwa saa maalumu tu za siku, tafuta fundi wa redio mwenye kifaa cha kuchanganua masafa aje shambani, kwa sababu Wi-Fi na Bluetooth za majirani ziko kwenye masafa hayohayo. Ukitaka kuongeza nguvu ya kutuma au antena kubwa, uliza kwanza mamlaka ya mawasiliano ya nchi yako, maana kila nchi ina kikomo chake. Daktari wa mifugo azikague kola baada ya wiki ya kwanza, hasa kwa ndama ambao shingo hukua upesi. Na ukifikiria kuwavisha wachungaji vifaa hivihivi, zungumza nao waridhie, kisha na mwanasheria, kabla hujawasha nodi hata moja.